Jiwe la Ukingoni

Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya vitabu vyangu vya safari, hakosi mtu wa kunyoosha mkono na kuuliza nchi ya kwanza niliyowahi kwenda. Anataka nitaje pahali penye theluji, au angalau penye uwanja wa ndege. Mimi humjibu: Balangida. Hapo watu hutazamana, na yule aliyeuliza hukaa chini taratibu akidhani nimemtajia kisiwa. Ninaifurahia sana dakika hiyo, sifichi.

Balangida si nchi. Ni ziwa la chumvi lililo chini ya mlima Hanang, na kutoka kwetu, juu kwenye vilima vya upande wa Dongobesh, mtu mwenye miguu mizuri anatoka asubuhi, analala njiani, na kesho yake yuko ziwani. Lakini mwaka niliomaliza darasa la saba, Balangida kwangu palikuwa mbali kuliko Ulaya. Ulaya ilikuwamo kwenye kitabu cha jiografia na ningeweza kuifunua wakati wowote nikitaka. Balangida ilihitaji ruhusa.

Ruhusa ilikuwa kwa baba. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na kwa kila ombi la safari alikuwa na jibu moja tu: "Kufanya nini?" Nikiomba kwenda mnadani, kufanya nini? Nikiomba kumsindikiza mama hospitali ya Haydom kumwona mgonjwa, kufanya nini, mimi ni daktari? Aliamini kwamba mtoto wa kike akishazoea njia hatulii tena nyumbani. Nikiyatazama maisha yangu, siwezi kusema alikosea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Dongobesh yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo mama zetu walishavisahau: sabuni za rangi, betri, soda, sweta za mitumba zenye maandishi ambayo hakuna aliyejua yanasema nini. Tulikuwa bado Mkoa wa Arusha. Manyara ilikuwa haijazaliwa, na ilipokuja kuzaliwa tulihama mkoa bila mtu yeyote kusogeza hata kigoda. Chumvi nayo ilikuja madukani, laini, kwenye pakiti, na nyumba nyingi zikaacha kwenda Balangida. Ila ng'ombe waliikataa. Ukiwamwagia ya pakiti wanalamba mara moja, wanakutazama kama umewatukana, wanaondoka. Kwa hiyo shangazi yangu, dada yake baba, mjane aliyekuwa na punda watatu na ulimi mkali, aliendelea kwenda kila kiangazi kuwaletea chumvi yao.

Punda wenye mizigo huhitaji watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Jirani aliyezoea kwenda na shangazi alikuwa amejifungua mtoto wa kike na bado yuko ndani. Shangazi akaja kwetu jioni, akasalimia, akanywa uji, akazungumza habari za maharage mpaka baba akachoka, ndipo akasema amekuja kuniomba mimi.

Baba akauliza kufanya nini. Shangazi akasema kuswaga punda. Baba akasema punda wale wanaijua njia kuliko shangazi mwenyewe, na kwamba binti aliyemaliza shule anakaa nyumbani kungoja matokeo. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria ya makande, sikuthubutu hata kugeuza mwiko. Nilitaka kwenda mpaka makande yakaanza kushika chini.

Aliyeniokoa alikuwa bibi. Bibi, mama yake baba, alikaa siku zote upande wa ndani wa moto, na macho yake yalikuwa yamezimika pole pole mpaka yakabaki ya kupepesa tu. Tangu hapo aliishi kwa yale aliyoletewa na wengine. Nyumbani kwetu mtu aliyetoka mahali, hata mashine ya kusaga tu, alinawa, akapewa kinywaji, kisha alikaa mbele ya bibi na kumsimulia njia. Siyo habari za huko alikokwenda. Njia. Unaanza mlangoni, unapita zizini, unapanda, unashuka, kwa mpangilio, na bibi anakufuata kwa kichwa. Ukiruka kitu anakurudisha. "Hatujavuka mto bado," anasema, "mbona wewe uko sokoni?" Baba yangu, na uzee wake wa kanisa, alikuwa hajawahi kufika Dongobesh katika masimulizi yake bila kurudishwa mtoni.

Bibi akasema niende. Nikirudi nitamsimulia njia yote ya Balangida, ambayo yeye aliipita tangu alipoolewa mpaka magoti yalipokataa. Akiweza kutembea ndani ya maneno yangu, basi mimi ni mtu wa kutumwa. Akishindwa, nisitamke tena neno safari katika nyumba ile mpaka nitakapoolewa, na huko nikamsumbue mume wangu. Baba akakubali haraka, na nilijua kwa nini. Alikuwa na uhakika nitarudishwa mtoni kama yeye.

Sasa, kuna jambo moja lililoniuma asubuhi ya kuondoka. Mtu wa kwetu akisafiri, bibi alichukua maziwa kidogo mdomoni na kumpulizia miguuni, manyunyu mepesi, ili miguu ikubaliwe huko iendako. Alimfanyia shangazi. Mimi nikasogea, nikavua kandambili, nikanyoosha miguu yangu ikitetemeka kwa baridi. Bibi akanisikia nikisogea. Akameza maziwa, akafuta mdomo.

"Haya ni ya msafiri," akasema. "Wewe bado tunakutazama."

Nilikasirika mpaka nikasahau kumuaga mama.

Tulitoka kwenye ukungu. Punda jike mzee alitangulia bila kuambiwa, sogi tupu, mifuko yake ya mizigo, zikimgonga mbavuni, na wenzake wakamfuata. Shangazi alizungumza na punda kwa upendo ambao hakuwahi kumpa binadamu yeyote. Punda walikuwa mama, mrembo, mpenzi, taratibu hapo pana jiwe. Mimi niliambiwa nifunge mdomo nisimeze baridi. Kila tuliyekutana naye alikuwa mkubwa kwangu, na kila mmoja alitaka shikamoo yake kamili, nimeinama, nimesimama, kisha aulize tunakwenda wapi, na kina bibi hawajambo, na mvua mliipata. Kabla jua halijapasha nilikuwa nimetoa shikamoo nyingi kuliko nilizotoa mwaka mzima. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningempa shikamoo hata mbuzi.

Na nilikuwa na mpango wangu. Kila mahali pa maana niliokota kitu na kukitia kwenye mfuko wa sweta: ganda la haragwe kwenye mashamba yaliyovunwa, changarawe mtoni, kipande cha gome msituni, unyoya wa kanga. Nilikusudia kukaa mbele ya bibi na kutoa kimoja kimoja, bila kukosea mpangilio. Nilijiona mjanja sana.

Kitu nilichokisubiri kuliko vyote kilikuwa jiwe. Bibi alitusimulia jiwe hilo tangu tukiwa tunabebwa. Liko ukingoni, pale nchi yetu inapoishia ghafla na bonde linaanza, jiwe pana na bapa, limelainishwa na makalio ya wanawake wote waliowahi kwenda chumvi. Bibi alilikalia akiwa bi harusi wa juzi. Hakuwahi kabla ya hapo kuona nchi isiyo na vilima vyetu. Akaliona bonde lote chini yake, ziwa jeupe, Hanang ukisimama peke yake ng'ambo, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka wenzake wakadhani ameingiwa na kitu. Kila shangazi aliporudi, bibi alimwuliza kama jiwe lipo, na shangazi alijibu, "Lipo, mama." Umelikalia? "Nimelikalia, mama." Bibi alitulia hapo kidogo, akitabasamu, kabla ya kuruhusu simulizi iteremke bondeni.

Basi tulipokaribia ukingo nikaacha punda, nikakimbia mbele. Nilisikia muziki kabla sijaona kitu. Ilikuwa redio, gitaa za Kikongo, na chini ya redio palikuwa na duka lenye bati jipya linalowaka jua, na kijana mwenye kofia ya mitumba akipanga kreti za soda.

Nilizunguka duka. Nikalizunguka tena. Shangazi akafika na punda wake, akanikuta nimesimama nimeduwaa, akanionyesha kwa kidole cha mguu: msingi wa duka na ngazi zake. Jiwe lilikuwa pale. Wajenzi walilichoma moto, wakalimwagia maji baridi, likapasuka, wakalimalizia kwa nyundo. Nikamwuliza lini. Akasema zamani kidogo, duka likiwa bado limeezekwa kwa nyasi.

Akaninunulia soda tukagawana. Ilikuwa ya kwanza maishani mwangu na ilinipanda puani. Nilikaa kwenye ngazi, machozi ya soda yananitoka, nikainua macho, na hapo ndipo nilipoliona bonde. Sitajaribu kulieleza upya, nimelieleza vitabuni mpaka wahariri wamechoka. Niseme tu kwamba lilikuwa kubwa, na lilikuwa limekaa pale miaka yote nikipepeta maharage nyuma ya kilima, na hakuna aliyeniambia vya kutosha. Nikaanza kucheka. Kijana wa duka akanitazama, akamtazama shangazi. Shangazi akamwambia asijali, ni wa ukoo.

Kuteremka kulinikata magoti. Punda waliweka kwato kwa adabu, mimi nikateleza kwa makalio. Joto lilipanda kutoka chini likatukuta, nikavua sweta, nikafunga kiunoni. Tulilala upande wa Dirma kwa mama mmoja wa Kidatoga, rafiki wa shangazi wa miaka mingi. Walikuwa hawaelewani lugha vizuri, na kila mmoja aliongea ya kwake kwa sauti kubwa wakicheka. Alitupa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi.

Na asubuhi, ziwa. Kiangazi kile maji yalikuwa yamekimbilia mbali, na ukingoni pamebaki ganda jeupe linalovunjika chini ya mguu kama ukoko wa ugali. Lilinuka mayai yaliyoharibika. Ndege wa pinki wenye miguu mirefu walisimama majini kwa mbali, wengi sana, wakigombana. Tulikwangua ganda kwa jembe, tukalikung'uta udongo, tukajaza sogi. Midomo ilipasuka, mikwaruzo yote ya mikononi iliwaka, na shangazi aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya isiyo na aibu. Nilimwambia sauti yake inafukuza ndege. Akasema ndege wa Balangida wameshasikia mabaya zaidi, waliwahi kumsikia bibi yangu.

Kurudi ni kupanda, na kupanda na mizigo hakuna hadithi. Tulifika kwenye kijito cha mwisho, kile kilicho chini ya mashamba yetu, jua likianza kulegea. Hapo mtu wa kwetu anayetoka mbali husimama. Anaosha miguu, anakung'uta nguo, ili udongo wa watu wengine usiingie uani. Nilijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini sikuwa nimewahi kutoka mbali, kwa hiyo haikuniingia akilini kwamba itanihusu. Shangazi alikamata sweta yangu, akageuza mifuko nje, akaikung'uta juu ya maji. Ganda la haragwe, gome, unyoya wa kanga, vyote vikaondoka na mkondo. Safari yangu yote ilipita pembeni ya kwato za punda ikaenda zake. Nilipiga kelele. Shangazi akasema udongo ni udongo.

Kisha akaacha kutania. Alikaa kwenye jabali la kufulia, akaanza kujisugua visigino, akasema bila kunitazama, "Bibi atakuuliza jiwe. Mwambie lipo."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema mwaka ule walipolivunja alirudi akitaka kusema, akamwona mama yake amekaa pale motoni, macho ndiyo kwanza yamemaliza kuzimika, na akashindwa. Akasema lipo. Baada ya kusema mara moja ilimbidi aseme kila mwaka. Akaendelea kusugua kisigino ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Nyumbani walikuwa wamenisubiri. Nilinawa, nikapewa uji, nikakaa mbele ya bibi. Mama aliacha kazi zake. Baba alisimama mlangoni, mgongo kwetu, akijifanya anakagua punda. Nilikuwa sina hata unyoya mfukoni.

Nikaanza vibaya. Tulitoka, nikasema, tukapita mashambani, tukafika mtoni. Bibi akapiga miayo. Nikasikia baba akijikohoza mlangoni, kikohozi cha mtu anayeshinda. Hasira ikanipanda, na nadhani ilinisaidia. Nilifumba macho yangu kama yake, nikaona kwamba sivihitaji vile vitu. Nikaanza tena mlangoni. Nikampa baridi ya kizingiti kwenye nyayo, sogi tupu zikigonga, harufu ya mabua yaliyolala. Nikampa shikamoo zote na waliozipokea. Nikampa maji ya mto yalivyouma kifundoni na ukimya wa msituni ambapo hata shangazi hunong'ona. Bibi alikuwa ameshika fimbo yake, na kila tulipopanda aliikaza, na tuliposhuka aliilegeza. Alikuwa anatembea. Tulivuka mto pamoja na hakunirudisha.

Tukafika ukingoni.

"Jiwe lipo?" akauliza bibi.

"Lipo, mama," akajibu shangazi haraka, kabla sijafungua mdomo.

"Sijakuuliza wewe." Bibi alinigeukia. "Ulilikalia. Lilikuwa la moto au la baridi?"

Ningejibu nini? Jua la saa ile ukingoni linachoma, jiwe la wazi lingekuwa la moto. Lakini makalio yangu yalikumbuka ngazi, na ngazi ilikuwa ya baridi, na nilikuwa nimemtembeza bibi njia yote ile kwa nyayo za kweli. Nikisema la moto hapa, nitateremkaje naye bondeni? Nilimwona shangazi ananitazama. Nilimpenda sana shangazi yangu.

"La baridi, bibi," nikasema. "Lipo ndani ya ngazi za duka. Walilivunja. Kuna bati juu, linatupa kivuli."

Shangazi aliziba uso kwa khanga. Nilifikiri nimemuua bibi kwa mkono wangu mwenyewe, na safari zangu zote nimezizika naye.

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Ilinichukua muda kidogo kuelewa kwamba anacheka.

"Mnanionea," akasema, na machozi yanamtoka. "Miaka yote hii mimi nimekaa juani peke yangu, kumbe watu wako kivulini."

Akacheka mpaka mama akamshika asianguke kwenye moto. Shangazi akaanza kuomba msamaha, bibi akampungia mkono, akasema aliona tangu zamani kwamba binti yake anamrudishia maneno yake mwenyewe, kila mwaka yaleyale, wala ndege hawaongezeki. Akataka kujua habari za duka. Nikampa redio na gitaa, kofia ya kijana, soda inavyopanda puani. Alinirudisha kwenye soda mara kadhaa. Shangazi, khanga imeshatoka usoni, akaongezea kreti nilizosahau. Kisha tukateremka wote, tukalala Dirma, tukafika ziwani, tukasikia nyimbo mbaya za shangazi, na tulipopanda tena na kufika kwenye kijito bibi alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Akaomba maziwa. Mama akampa kikombe, akidhani ana kiu. Bibi akapapasa chini kwa mkono mpaka akaipata miguu yangu, bado ina baridi ya kijito, akaivuta karibu. Akajaza mdomo, akapulizia. Manyunyu yalikuwa ya uvuguvugu na yalinifika mpaka magotini.

Kila mtu mle ndani alijua kwamba maziwa yale hapewi anayerudi. Hupewa anayeondoka. Baba naye alijua, ndiyo sababu aligeuka mlangoni.

"Aende tena?" akauliza. "Kufanya nini?"

Bibi alikuwa anafuta mdomo.

"Kuja kunisimulia," akasema.